Kikombe cha Kutema

Binamu yangu Ilaitia, ambaye tulimzika mwaka juzi, alikuwa mtu wa mdomo. Simsengenyi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na ya baba yake kabla yake. Hapa Vunidilo, huku chini ambako mto unagawanyika matopeni kabla ya kuifikia bahari, chifu hasemi mbele ya wageni. Chifu hukaa akatulia, na anayesema ni msemaji wake, na wasemaji wote wa kijiji hiki wametoka nyumba ya akina Ilaitia. Mgeni akija na jino la nyangumi, zawadi kuu ya heshima kwetu, Ilaitia ndiye aliyelipokea kwa mikono miwili. Watu wakifiwa, yeye ndiye aliyetutangulia mlangoni kuwaambia kwamba tumefika na machozi yetu. Kijana akimtorosha binti wa watu, Ilaitia alitumwa kwenda kuomba radhi, na mara nyingine wenye binti walimpenda hata wakamfungashia nguruwe.

Mimi naitwa Peniasi. Mama yake na baba yangu walitoka tumbo moja, na kwetu watoto wa mjomba na wa shangazi ni watani wa kufa na kuzikana. Nimemwita Ilaitia mwizi mbele ya mchungaji. Yeye alimwambia mke wangu siku ya harusi yetu kwamba mlango wa nyuma uko wazi na bado ana nafasi ya kukimbia. Mtu mwingine akiniambia hivyo tunashikana mashati. Ilaitia akisema, nacheka, halafu nakaa nikitafuta la kumrudishia.

Ujanani tuliuza kaa wa matope sokoni Nausori. Mimi ndiye niliyeingiza mkono kwenye mashimo ya mikoko, mimi ndiye niliyebanwa vidole. Yeye alikaa nyuma ya kaa, safi, amechana nywele, akiongea.

"Mama, usimwangalie wembamba wake," alikuwa akiwaambia wanunuzi. "Huyu ni kaa mwenye mawazo. Nyama yote imekwenda kwenye mawazo."

Watu walicheka na kufungua pochi. Mimi niliyevuja damu vidoleni sikuwahi kuuza hata kaa mnene.

Alioa mwanamke asiyeongea. Losana angeweza kukaa na wewe tangu asubuhi hadi jioni akakupa chai, samaki, na maneno ya kuhesabika. Nadhani ndiyo maana Ilaitia alimpenda, maana nyumbani hapakuwa na wa kushindana naye. Walizaa watoto wawili, Waisale na Unaisi. Unaisi aliolewa na mtu wa kaskazini, upande wa Labasa, kisiwa kingine kabisa. Losana alifariki kabla Unaisi hajajifungua. Mtoto alipozaliwa, akawa wa kike, wakampa jina la bibi yake.

Sasa kwetu kuna jambo hili. Mtoto wa kwanza haingii kijijini kwa mama yake hivihivi, kama mtu anayepita dukani. Watu wa baba yake lazima waulete uso wake. Wanakuja na mikeka, na vitambaa vya magome ya mti, na jino la nyangumi, na msemaji wao anasema: huyu hapa damu yenu, tumewaletea mmwone. Msemaji wa upande wa mama anapokea na kujibu. Akishajibu, mtoto ana kwao. Asipojibu, hata ukoo mzima ukibusu mashavu ya mtoto, hajafika.

Na msemaji wa upande wa mama alikuwa Ilaitia, babu yake mwenyewe. Siku ilipangwa Desemba, wakati watu wetu wanaochuma matunda Australia hurudi nyumbani. Ilaitia alikuwa akiyatunga maneno ya siku ile tangu mtoto hajaota meno. Alimwahidi Losana kaburini. Najua kwa sababu nilikuwa nimesimama nyuma yake nikijifanya nang'oa magugu.

Kisha wakamkuta na saratani ya utumbo.

Daktari alikuwa binti mdogo, lakini hakuzungukazunguka. Alisema kuponya hawezi. Alichoweza ni kumwekea dripu ya dawa kali, kila baada ya muda fulani, ili apate miezi.

"Desemba nitafika?" Ilaitia akauliza.

"Ukivumilia dripu, nafikiri utafika."

"Basi niwekee, mwanangu. Ikipita Desemba tutazungumza mengine."

Hilo ndilo jambo pekee alilolitaka. Nywele zilikatika, hakujali. Miguu ilikufa ganzi, akasema afadhali, hatasikia nikimkanyaga. Kilichomshinda ni mdomo. Baada ya dripu ya pili, mdomo wake ulichanika ndani. Ulimi ulikuwa na vidonda vyeupe vyenye kingo nyekundu, mashavu kwa ndani yalikuwa kama nyama iliyopitishwa kwenye maji ya moto, na midomo ilikauka ikagandana, akawa anaibandua kila asubuhi kwa kitambaa chenye maji. Hakuweza kula mhogo. Chai ya uvuguvugu ilimtoa machozi. Na kusema, kusema ndiko kulikomuua hasa. Mtu ambaye alikuwa na neno kwa kila aliyepita njiani akawa anapunga mkono.

Hospitali walimpa dawa ya kusukutua. Aliyemkabidhi ni nesi Torika, mwanamke mnene wa milimani, na watu wa milimani ni watani wetu sisi watu wa matope tangu mababu. Nilikuwepo.

"Mnaoga matope, mnalala matope," nesi akasema, huku akimmulika kinywani kwa tochi, "halafu mnashangaa mdomo ukiumwa. Fungua vizuri, mla kaa. Pole sana, mzee wangu. Pole. Fungua."

Ilaitia akanong'ona, "Nani alimvalisha huyu viatu?"

Nesi alicheka hadi tochi ikatikisika. Kisha akampa chupa yenye dawa nzito ya rangi ya waridi, na kikombe kidogo cha plastiki. Akamweleza mkwe wake Makereta, ambaye ndiye angemhudumia nyumbani: mara nne kwa siku, ajaze mdomo, azungushe polepole, kisha ateme. Dawa ina ganzi ndani yake. Asile mpaka ganzi iishe. Makereta aliitikia kila neno, macho chini.

Lazima niseme kidogo juu ya Makereta. Ni mke wa Waisale. Waisale alikuwa Australia kwenye mashamba ya matunda, na yeye akabaki na baba mkwe. Kwetu mkwe na baba mkwe hawazungumzi ovyo. Alimsemesha kwa wingi, kana kwamba amesimama mbele ya mkutano. Hakumkazia macho. Akipita mbele yake aliinama, na akimpa kitu alipiga magoti kwanza. Ilaitia naye hakuwahi kumwita kwa jina lake. Waliheshimiana hivyo tangu siku ya harusi, na nyumba ilikuwa na amani, ila amani ile ilitaka kumuua mtu.

Jioni ya kwanza nilikwenda kumtazama. Niliwakuta wamekaa mkekani kama kwenye shughuli. Ilaitia amekunja miguu upande wa juu, amevaa sulu safi, kile kikoi chetu cha heshima. Majirani wawili watatu wamekuja kumpa moyo. Makereta akaja kwa magoti, kikombe cha waridi ameshika kwa mikono miwili, akakinyoosha mbele.

"Baba mkwe, dawa yenu."

Ilaitia akakunja viganja na kupiga kofi moja, kama mtu anayepokea kava, kile kinywaji chetu cha mizizi cha kwenye shughuli. Akachukua kikombe. Akakimimina chote kooni kwa mkupuo mmoja, bila kukiondoa mdomoni, kama tulivyofundishwa tangu tulipoanza kuota ndevu. Akakirudisha kitupu.

"Kimekauka!" tukasema wote, na tukapiga makofi matatu.

Eti tulifurahi. Mzee ameimaliza. Mimi nilipiga makofi kwa nguvu kuliko wote.

Kule pembeni, nyuma ya Makereta, kulikuwa na beseni la kijani. Niliona akilisogeza kidogo kwa ubavu wa mkono, kama inchi mbili hivi, kuelekea kwa mzee. Ilaitia alilitazama beseni kisha akatazama ukuta. Makereta akalirudisha. Nilidhani ni la kunawia.

Wiki zile zikapita hivyo. Mara nne kwa siku kofi moja, mkupuo, makofi matatu. Vidonda havikupona hata kidogo. Vilizidi. Alikonda hadi pete ya ndoa akaivaa shingoni kwa uzi. Tukalaumu dawa. Shangazi mmoja alileta majani yake, mchungaji akaleta mafuta, mimi nikaleta matusi kwa wazungu waliotengeneza chupa.

Siku moja mchana alitaka kula. Ilikuwa mara tu baada ya dawa, kwa sababu ndipo maumivu yalipotulia, na hakuna aliyekumbuka alichosema nesi kuhusu ganzi. Au Makereta alikumbuka. Alimpelekea mchuzi wa samaki wa tui la nazi na mhogo uliopondwa laini, na alipokuwa akiuweka chini nilimsikia akisema, "Baba mkwe, labda mngengoja kidogo." Ilaitia hakungoja. Alikuwa na njaa ya siku nyingi, akala kwa pupa. Na koo lake halikujua linafanya nini. Alipaliwa. Macho yalimtoka, uso ukawa wa zambarau, mikono ikawa inapapasa mkeka. Nilimpiga mgongoni kwa kiganja hadi nikafikiri nimemvunja. Alipovuta pumzi, sauti aliyoitoa sikuwahi kuisikia kwa mtu.

Tulimvusha mto kwa mashua, tukachukua teksi mpaka hospitali ya Suva.

Nesi Torika alimmulika tena. Safari hii hakutania.

"Mbona hivi? Hii ingekuwa imeanza kufunga. Unasukutua?"

Ilaitia akatikisa kichwa kukubali.

"Ukitema, kinachotoka kina damu?"

Ilaitia akajipangusa midomo.

"Mzee, nakuuliza. Unatemea wapi?"

Ilaitia alitazama dirishani. Makereta alikuwa akivuta nyuzi za mkoba wake, moja moja.

"Hatemi," nikasema. "Anakunywa. Sisi tunapiga makofi."

"Mnapiga makofi?"

"Matatu. Si ndiyo desturi?"

Nilitegemea atacheka. Alivuta kiti akakaa, akatuelezea taratibu kama wanavyoelezwa watoto. Dawa ile ni ya kukaa juu ya vidonda, kuvipaka, si ya tumboni. Ukiirusha kooni kama kava, vidonda havipati kitu, na koo lote linakufa ganzi, haliwezi kutofautisha njia ya chakula na njia ya pumzi. "Nusura mumzike kwa makofi," akasema. Kisha akamgeukia Makereta. "Dada, si nilikwambia ateme? Hukumwambia?"

Makereta akafungua mdomo kujibu.

Ilaitia akainua mkono. Maneno yalimtoka kwa shida, mojamoja, na kila moja lilimkunja uso.

"Usimgombeze. Aliniwekea beseni. Nilijua." Akapumzika. "Nitemeje mbele ya mkwe wangu? Mtoto wa watu anapiga magoti, ananipa kikombe kwa mikono miwili, nami nimtemee mate?"

Nesi Torika akaweka tochi chini. Nadhani na yeye ni mkwe wa mtu. Alikaa akisugua goti lake, kisha akauliza swali ambalo mpaka leo namshukuru kwalo.

"Kule nyumbani kuna nani ambaye humwonei haya?"

Nikaona macho yote yamenigeukia.

Basi nikawa mtu wa beseni. Sikuomba, na sitajifanya niliifurahia. Kila asubuhi nilivuka uwanja na kwenda kumfungia mlango Ilaitia, Makereta akiwa nje na sufuria zake. Siku ya kwanza alijaza mdomo akabaki nao, mashavu yamevimba kama chura, akinitazama. Hakutema. Hata mbele yangu alishindwa. Mtu aliyefunzwa maisha yake yote kwamba kilichoingia mdomoni kutoka mkono wa mwingine hakirudi.

"Tema, nguruwe wewe," nikamwambia.

Akatikisa kichwa.

Nikachukua kikombe cha maji ya chumvi, nikasukutua kwa kelele kama ng'ombe anayekunywa mtoni, nikayatema beseni kwa nguvu hadi yakamrukia gotini. Akacheka. Mdomo umejaa, akacheka, na dawa ikamtoka puani na mdomoni na kila mahali. Alilia kwa maumivu huku anacheka. Nikamfuta. Ile tuliihesabu kuwa ametema.

Tangu hapo tukatema wote wawili, mimi chumvi yangu, yeye waridi yake. Nilimtangulia kila mara. Nilimshikia taya pale mkono wake ulipochoka. Nilijifunza kumwambia azungushe kulia, ashikilie, kushoto, ashikilie, ainamishe kichwa. Nilijifunza kuangalia kilichotoka: damu, kisha utando mweupe, kisha mate matupu. Nilikuwa mtu niliyeona kinyaa hata pua ya mtoto wangu mwenyewe. Naandika hivi nikijua mke wangu atasoma. Lakini Ilaitia nilimpenda, na sikuwa nimewahi kumwambia, kwa sababu binamu haambiwi hivyo, hutukanwa. Nikawa namtukana kwa upole kadiri nilivyoweza.

Baada ya kutema, wakati wa kungoja ganzi iishe, alikuwa akifanyia mazoezi hotuba yake bila sauti. Mikono tu. Mkono wa kulia unapokea jino, unaliinua, unaligeuza. Kichwa kinainama kwa wazee wa kaskazini. Niliijua hotuba nzima kwa mikono bila kusikia hata neno.

Siku moja aliacha katikati, mikono ikabaki hewani.

"Naogopa, Peni," akasema.

"Kufa?"

"Kufa tutakufa. Naogopa waje, waweke jino mbele yangu, nami nikae kama gogo. Mjukuu wa Losana arudishwe kwenye boti."

"Atasema mwingine. Yule mdogo wenu Emosi."

"Emosi?" Akanitazama kama nimemtukania mama. "Emosi husahau hata sala ya chakula."

Vidonda vilianza kufunga. Daktari aliisogeza dripu mbele ili mdomo upate nafasi, na kufikia Desemba Ilaitia alikuwa anakula mhogo uliopondwa na kusema sentensi mbili tatu kabla ya kuchoka. Vilibaki viwili, kimoja chini ya ulimi, kimoja karibu na koo. Ulimi ulipovigusa, viliwaka moto. Lakini akisukutua kwanza, alipata muda mzuri bila maumivu. Tulipanga: nitamtemesha wageni wakikaribia, ganzi ikishalegea kidogo ulimi uwe mwepesi, anapokea jino na kusema. Tulijaribu mara kadhaa. Ilifaulu.

Siku yenyewe kila kitu kilipangwa isipokuwa meli. Wageni walitakiwa kuteremka bandarini Suva alfajiri na kufika kwetu kabla jua halijawa kali. Tukaambiwa mashua zao zimeonekana kwenye kona ya mto. Nikamtemesha. Nikamfuta, nikamvika kitambaa cha magome ya mti, nikamwambia anafanana na zawadi ambayo hakuna atakayeifungua, nikaenda zangu kwenye tanuri, kwa sababu sisi ndugu wa upande wa mama yake Ilaitia ndio wapishi siku hiyo na nguruwe walikuwa wameshafukiwa juu ya mawe ya moto.

Mashua zile zilikuwa za wafanyabiashara wa nazi. Meli ya kaskazini ilikuwa imechelewa. Wageni walifika jua limekwisha kupita utosini, na mimi nilikuwa kifua wazi, mikono majivu na mafuta hadi kwenye viwiko, natoa nguruwe. Hakuna aliyekumbuka kumtemesha tena. Waliingia moja kwa moja ukumbini, kama desturi inavyotaka.

Nilikimbia mpaka mlangoni nikakwama hapo. Mpishi mwenye majivu hapiti mbele ya jino la nyangumi. Nilimwona mtoto Losana katikati ya mikeka, amevishwa hata hatembei vizuri, ameshika kidole cha mama yake. Nilimsikia msemaji wao, mtu wa sauti nzito, akimaliza: "Huyu hapa damu yenu. Uso wake tumeuleta." Akatambaa mbele, akampa Ilaitia jino.

Ilaitia alilipokea. Akaliinua. Akaligeuza, kama nilivyomwona akifanya mara nyingi kule chumbani. Akafungua mdomo.

Akaufunga.

Alijaribu tena. Niliona ulimi ukigusa kile kidonda cha chini, niliona bega lake likiruka. Sauti iliyotoka haikuwa neno. Wageni wakaanza kutazamana. Ratu, chifu wetu, alikuwa amekaa kwenye mkeka wake wa juu, macho mbele, kwa sababu chifu hamsemei msemaji wake. Emosi alikuwa anakuna shingo, na Waisale, aliyerudi juzi kutoka Australia, amekaa nyuma yake. Jasho lilimtiririka Ilaitia mpaka kidevuni, na mimi, mtu wa beseni, nimesimama mlangoni na mafuta ya nguruwe yakinidondoka.

Kutoka upande wa chini, kwa wanawake, mtu akaanza kutambaa. Alikuwa Makereta. Alikuja kwa magoti katikati ya ukumbi mzima, mbele ya wakuu wa pande mbili, kikombe mkono wa kulia, beseni la kijani akilisukuma kwa kushoto. Hakuna mwanamke anayepita hapo wakati jino liko mikononi. Alifika mbele ya baba mkwe wake, akashika kikombe kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao alimtazama usoni.

"Baba mkwe," akasema, na sauti yake ilisikika mpaka kwangu, "dawa yenu. Temeni hapa."

Ilaitia alimtazama. Kisha akaliweka jino mapajani, akapiga kofi moja, akapokea. Tulisikia dawa ikizunguka mdomoni mwake, kulia, ikatulia, kushoto, ikatulia. Watu wapatao mia walikuwa wakisikiliza mzee akisukutua. Makereta alishikilia beseni kwa mikono miwili, hakuinamisha macho. Na Ilaitia, msemaji wa Vunidilo, akainama na kutema mbele ya mkwe wake, mbele ya chifu, mbele ya wageni wa kaskazini. Uzi wa mate ulibaki ukining'inia. Makereta akaukata kwa ncha ya nguo yake.

Akaweka beseni chini. Akapiga makofi matatu, peke yake. Kufikia la tatu, ukumbi mzima ulikuwa naye, na wageni pia, na mimi mlangoni na mikono yangu ya mafuta.

Hotuba ile ndefu niliyoijua kwa mikono hakuisema. Ulimi ulikuwa mzito wa ganzi, maneno mengine yalitoka yamekatika. Aliliinua jino akasema kwamba watu wa Vunidilo wamepokea. Akasema njia kutoka kaskazini imefyekwa na haitaota nyasi. Kisha akamtazama mtoto.

"Losana," akasema. "Umechelewa. Karibu nyumbani."

Unaisi aliangua kilio, na baada yake hapakuwa tena na cha mgeni wala mwenyeji.

Kava ikachanganywa. Kifuu cha kwanza kikaenda kwa Ratu, cha pili, kama siku zote, kwa msemaji wake. Daktari alikuwa amemkataza, kwa hiyo nilijua atakigusa tu na kukirudisha, na ukumbi ungemsamehe. Alipiga kofi, akakipokea. Hakukirudisha. Akakinyoosha kwa mikono miwili kuelekea upande wa chini, kwa wanawake, ambako cha msemaji hakijawahi kwenda tangu kijiji hiki kipate jina.

"Makereta," akaita. Ndiyo mara ya kwanza nilisikia jina hilo mdomoni mwake. "Huyu ndiye mdomo wangu leo. Ataninywea."

Wakamtazama Ratu. Ratu akainamisha kichwa.

Makereta alikuja tena kwa magoti. Akapiga kofi moja, akakinywa chote kwa mkupuo mmoja, machozi yakimtiririka pande zote mbili za kifuu, na akakirudisha kitupu.

"Kimekauka!" tukasema, na tukapiga makofi matatu.